Jinsi ya Kuchagua Aina ya Mti wa Kukuzia Samani Hai: Mwongozo Kamili

Seremala akiulizwa mti bora wa kiti atataja mvule, mtiki au mkangazi, na kwa kazi yake atakuwa amejibu vyema. Lakini mtu anayetaka kukuza kiti kikiwa bado mti, yaani kuyaelekeza mashina machanga yaote kwa umbo la miguu, kikalio na egemeo mpaka yaungane yenyewe, akilifuata jibu hilo anaweza kupoteza miaka mingi. Sifa ya mvule na mtiki imo katika kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito ambayo mti huijaza kemikali za kujilinda kadiri unavyokomaa. Kiti kilichokuzwa kwa miaka 6 hadi 10 huwa na mashina yenye unene wa sentimita 3 hadi 6 hivi, na sehemu kubwa ya mashina hayo ni mbao changa nyeupe isiyo na kinga hiyo. Kwa maneno mengine, mti unaosifiwa kwa sababu ya mbao zake za miaka 60 haujulikani utafanya nini ukiwa na miaka 8.

Kwa hiyo mwongozo huu unaacha kando sifa za mbao za sokoni na kuuliza mambo mengine: mti unaungana na mwenzake kwa urahisi gani, unapinda kwa namna gani, mbao zake changa hukauka vipi, na mahali utakapopandwa panaukubali au hapaukubali. Utaratibu wa hatua ni muhimu, kwa sababu kila hatua huondoa aina fulani za miti kabla hujatumia fedha na muda kwenye inayofuata.

Hatua ya 1: Amua kama kiti kitavunwa au kitabaki ardhini

Huu ndio uamuzi unaosahaulika zaidi, ingawa ndio unaogawa orodha ya miti katika makundi mawili yasiyofanana. Kiti kinachovunwa hukatwa, hukaushwa na kuingizwa ndani ya nyumba. Kinahitaji mti ambao mbao zake changa hazipasuki ovyo wala kuliwa na wadudu. Kiti kinachobaki hai, kama benchi la bustanini lenye mizizi na majani, hakihitaji lolote kati ya hayo, kwa kuwa mti hai hujilinda wenyewe. Kinachohitaji ni mti unaoishi miaka mingi, unaovumilia kupogolewa kila msimu, na usionenepa kiasi cha kukimeza kikalio.

Mfano wa kundi la pili ni madaraja ya mizizi ya Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, ambako Wakhasi na Wajaintia huongoza mizizi ya mpira wa India (Ficus elastica) ivuke mito, kazi inayochukua miaka mingi kabla daraja halijaweza kubeba watu. Mti huo kwa kazi hiyo hauna mpinzani. Ukiukata na kuukausha ili upate kiti cha sebuleni, utabaki na mbao laini zinazoshika ukungu na kutobolewa haraka. Mfano wa kundi la kwanza ni kiti cha John Krubsack wa Wisconsin, Marekani, aliyepanda mbegu za Acer negundo mwaka 1903, akakivuna kiti chake mwaka 1914, na mwaka uliofuata kikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya San Francisco. Acer negundo si mti ambao maseremala huupigania, lakini huota upesi na hukubali kuunganishwa, na kwa Krubsack hilo ndilo lililokuwa na uzito.

Hatua ya 2: Hakikisha mti unaungana

Chini ya gome la mti kuna tabaka jembamba lililo hai liitwalo kambiamu, ambalo huzalisha mbao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Mashina mawili yakibanwa pamoja, au gome likikwanguliwa pale yanapogusana, kambiamu hizo hukutana, na tangu hapo kila pete mpya ya ukuaji huyazunguka mashina yote mawili kana kwamba ni shina moja. Kiungo cha samani iliyokuzwa ni hicho: hakina msumari, hakina gundi, na huimarika kadiri mwaka unavyoongezwa.

Sharti la kwanza ni kwamba mti uwe na kambiamu ya aina hiyo. Minazi, mivumo na mianzi haina, hata kama huota haraka na kupindika kwa uzuri. Mianzi inaweza kupewa umbo ikiwa chipukizi, lakini miwili haitaungana kamwe. Sharti la pili ni gome jembamba na laini. Miti yenye gome nene lenye mifereji, kama aina nyingi za mialoni ikishakomaa, hubana vipande vya gome lililokufa ndani ya kiungo, na kiungo cha namna hiyo huonekana kizima kwa nje huku ndani kikiwa na ufa. Kama mti wa gome nene ndio unaoutaka, basi viungo vyote vifanywe shina likiwa bado changa na gome lake likiwa bado kijani.

Njia rahisi ya kuchuja aina ni kutembea pale mti unapoota na kutazama matawi yanayopishana. Mti unaoungana kwa hiari hujionyesha wenyewe: utaona matawi mawili yaliyosuguana kwa upepo yakiwa yameshikana na kutengeneza kitu kama dirisha dogo. Ficus benjamina inayouzwa kwenye vyungu ikiwa imesukwa kama nywele ni darasa zuri la jambo hili, kwani ukiyaangalia mashina yake kwa karibu utaona kwamba katika mikunjo ya chini mstari unaoyatenganisha umeshaanza kupotea. Upande mwingine, ukiona matawi yaliyosuguana kwa miaka yameacha vidonda vyeusi vinavyooza, mti huo utakupa kazi kubwa hata ukitumia kisu na utepe wa kubebeshea, yaani wa kufungia mimea inayounganishwa.

Miti ya matunda ina faida hapa, kwa sababu wakulima wameibebesha kwa karne nyingi na tabia zake zinajulikana. Mtufaha, mpeasi, mplamu, mchungwa na mlimau yote hukubali kuunganishwa mmoja na mwenzake wa aina ileile bila masharti mengi.

Hatua ya 3: Pima jinsi unavyopinda na unavyojibu

Kata chipukizi la msimu huu lenye unene wa penseli, ulizungushe polepole kwenye kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, na usikilize. Chipukizi la mwerebi wa kusukia vikapu (Salix viminalis) litazunguka kimya. Chipukizi la Salix fragilis, ambao pia ni mwerebi na kwa mbali huweza kuchanganywa na ndugu yake, litakatika kwenye kifundo kwa mlio mkali. Hata jina lake la kitaalamu linatangaza udhaifu huo. Somo ni kwamba kulijua jina la jamii ya mti hakutoshi, maana ndani ya jamii moja kuna wa kupindika na wa kuvunjika.

Kupindika hata hivyo ni nusu tu ya kipimo. Shina lililopindwa hurudi kama kamba ya upinde ukiliachilia mapema, kwa kuwa umbo halishikwi na mbao zilizokuwapo bali na pete mpya zinazoongezwa juu yake likiwa limefungwa. Mti unaonenepa haraka hushika umbo ndani ya msimu mmoja au miwili. Mti unaonenepa polepole, kama mzeituni, utabaki kwenye kiunzi kinachoushikilia muda mrefu zaidi. Aidha, shina lililolazwa hutengeneza mbao za mkazo, ambazo ni jitihada ya mti kujiinua tena: katika miti ya majani mapana hutokea upande wa juu wa mpindo, na katika misonobari hutokea upande wa chini. Mbao hizo hunywea zaidi kwa urefu wakati wa kukauka kuliko mbao za kawaida, na ndiyo sababu kiti kinaweza kuvunwa kikiwa sawa kabisa na baada ya miezi kikawa kimepinda mguu.

Hapa inafaa kujua kwamba wanaofanya kazi hii wamegawanyika katika mitindo miwili, na mtindo utakaoufuata unabadilisha mti utakaouchagua. Wapo wanaoongoza ncha changa hatua kwa hatua kwenye njia iliyochorwa tangu mwanzo, kama walivyofanya Peter Cook na Becky Northey wa Queensland, Australia, kwa kutumia zaidi mplamu wa Prunus cerasifera. Kwao unyumbufu wa shina si hoja kubwa, kwa sababu kinachoelekezwa ni ncha laini ya sentimita chache. Wapo pia wanaosubiri mche ufike urefu wa mita 2 au 3 ndipo waupinde kwa mara moja na kuufunga mpaka utulie, na hao hawana budi kuchagua mti mnyumbufu kweli kama mwerebi. Kwa anayeanza, ningependekeza mtindo wa kwanza. Unadai kutembelea mti mara kwa mara wakati wa ukuaji, lakini makosa yake ni madogo na hurekebishika, ilhali shina lililokatika nusu wakati wa kupindwa ni mwaka mzima umepotea.

Angalia pia mpangilio wa macho ya majani. Mti wenye macho yanayokabiliana mawili mawili, kama Acer, ukikatwa ncha hutoa machipukizi mawili yanayolingana, jambo linalorahisisha kupata panda iliyo sawa ya egemeo au miguu. Mti wenye macho yanayopokezana, kama mtufaha au mwerebi, mara nyingi huteua chipukizi moja kushika uongozi, na kupata mawili yaliyo sawa kutahitaji kulizuia lenye nguvu na kulipendelea dhaifu.

Hatua ya 4: Fikiria siku ya kukauka kabla hujapanda

Anayekuza benchi hai anaweza kuiruka hatua hii. Anayetaka kuvuna aisome mara mbili.

Mbao ya kawaida hunywea kidogo sana kwa urefu, takriban asilimia 0.1 hadi 0.2 kutoka hali mbichi hadi ukavu kamili. Kwa upana hunywea zaidi, na kunywea kwa kufuata mzunguko wa pete huwa karibu mara mbili ya kunywea kwa kuelekea katikati. Ubao uliopasuliwa huivumilia tofauti hiyo. Shina la duara lisilopasuliwa haliwezi kuivumilia, kwa hiyo hupasuka kwa ufa mmoja mrefu au kwa nyufa nyingi ndogo. Kila mguu wa kiti kilichokuzwa ni shina la aina hiyo. Chagua basi miti ambayo fimbo zake za mduara hukauka bila kufunguka sana, na usitegemee vitabu peke yake: kata fimbo tano za unene unaoukusudia, paka rangi nzito au nta kwenye ncha zake, ziweke kivulini penye hewa kwa miezi kadhaa, kisha uzilinganishe. Jaribio hili halihitaji shamba wala kusubiri mti ukue.

Mkaratusi huanguka hapa. Kwa kasi ya kukua unavutia, lakini shina lake hubeba mikazo ya ndani ambayo huachiliwa linapokatwa, na mara nyingi ncha hupasuka papo hapo kabla hata ya kuanza kukauka.

Tatizo la pili ni wadudu. Mbao nyeupe changa hubeba wanga, na wadudu watobozi wa jamii ya Lyctus, wale wanaoacha vumbi laini kama unga chini ya kiti, hutaga mayai ndani ya vinyweleo, yaani vijitundu vidogo, vya mbao zenye wanga huo. Miti yenye vinyweleo vikubwa huwaalika. Miti yenye vinyweleo vidogo sana, kama mpera na mpeasi, huwapa kazi ngumu. Kama mti uliouchagua una vinyweleo vikubwa, panga mapema kuuloweka au kuupaka dawa ya chumvi za boroni ukiwa bado mbichi, kwani dawa hiyo hupenya kwa kufuata unyevu uliomo.

Hatua ya 5: Sikiliza mahali

Mti uliofaulu hatua zote unaweza bado kuwa kosa pale ulipo. Acer negundo, ulioleta sifa Wisconsin, huhesabiwa kuwa mti vamizi katika nchi kadhaa za Ulaya. Mierebi imeziba kingo za mito Australia. Mpera umekuwa kero katika visiwa vya Hawaii na Galápagos. Kabla ya kununua mche, uliza mamlaka ya misitu au kilimo kama mti huo unaruhusiwa kupandwa.

Magonjwa nayo yana ramani yake. Miti ya Fraxinus (ash kwa Kiingereza) ilikuwa chaguo la wazi Ulaya kwa ushupavu na unyumbufu wake, lakini ukungu wa Hymenoscyphus fraxineus umeua sehemu kubwa ya miti hiyo, na kupanda kiti cha miaka 9 kwa mti unaoweza kufa katika mwaka wa 4 ni kucheza kamari. Mtufaha na mpeasi huhitaji tahadhari palipo na bakteria wa Erwinia amylovora, ambao huingia kupitia maua na majeraha; na kazi ya kukuza samani ni kazi ya kuutia mti majeraha kwa makusudi.

Mizizi ya mierebi na mikuyu hutafuta maji kwa bidii, kwa hiyo isikaribie mabomba, visima wala misingi ya nyumba.

Miti inayostahili kufikiriwa kwanza

Penye majira ya baridi, mwerebi ndio wa kuanzia. Kipande kilichochomekwa ardhini huota, shina huweza kurefuka zaidi ya mita moja kwa msimu, na makosa hulipwa kwa mwaka mmoja tu. Gavin Munro wa Derbyshire, Uingereza, aliyejulikana kwa kukuza viti shambani kama mazao, aliuegemea zaidi mti huu. Udhaifu wake ni kwamba hutoa machipukizi yasiyotakiwa kila mahali unapopindwa, nawe utalazimika kuyapangusa kwa kidole yakiwa bado laini. Na mbao zake ni nyepesi, huoza upesi nje, kwa hiyo kiti chake ni cha ndani tu. Baada ya mwerebi ningeutaja mplamu, ulio mgumu zaidi na wenye rangi ya kuvutia, kisha jamii ya Acer. Miti ya Platanus ndiyo iliyompa Axel Erlandson wa California kazi zake mashuhuri, ukiwemo ule mfano wa kikapu uliosukwa kwa miti 6 iliyopandwa kwa duara. Maonyesho yake ya miti yalifunguliwa mwaka 1947 na baadhi ya miti hiyo ilihamishwa ikiwa hai miongo kadhaa baadaye. Kwa kiti cha kubaki ardhini, huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote.

Penye joto mwaka mzima, mpera ndio ninaouweka mbele. Gome lake ni jembamba na laini, mashina yake machanga ni mashupavu, mbao zake ni nzito na zenye nyuzi zilizoshikana, na Nirandr Boonnetr wa Thailand alionyesha kwamba unaweza kukuzwa ukawa kiti kamili. Hitilafu yake ni mwendo: haukimbii kama mwerebi. Mforosadi ni wa kati kwa kati, kwani huota kwa vipandikizi, hupindika vizuri, na mbao zake zina nguvu. Ila una macho mengi yanayochipua, na majani yake hupendwa na mifugo. Mchungwa na mlimau hutoa mbao nzuri, lakini miiba yake hufanya kila siku ya kazi kuwa ya glavu. Jamii ya mikuyu na mitini huungana kuliko miti mingine yote ya ukanda huu, nami ningeiacha kwa ajili ya mabenchi hai peke yake.

Minyaa isiguswe kwa kazi hii. Inaota popote na kwa haraka, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa, na kila mkato hutoa utomvu.

Hatua ya 6: Pata miche iliyo ndugu

Miguu ya kiti inatakiwa kunenepa kwa kasi moja. Miche ya mbegu hutofautiana, mmoja ukawahi na mwingine ukachelewa, na kiti kikatoka na mguu mmoja kama mpini wa jembe na mwingine kama fimbo. Vipandikizi vilivyokatwa kutoka mti mzazi mmoja huondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, tena viungo kati yao huwa kama viungo vya mti na nafsi yake. Hasara ni kwamba ugonjwa unaomuua mmoja unaweza kuwaua wote, kwa hiyo ukipanda viti vitatu tumia wazazi watatu.

Unaponunua mti wa matunda uliobebeshwa, uliza shina la chini, yaani lile lenye mizizi, ni la aina gani. Mtufaha uliobebeshwa kwenye shina la chini la aina ya M9 hubaki mfupi na huhitaji nguzo maisha yake yote kwa sababu mizizi yake ni dhaifu. Haufai kujibeba wenyewe ukiwa kiti. Shina la chini lenye nguvu ya kati, au mche ulioota bila kubebeshwa, ni salama zaidi.

Hatua ya 7: Panda majaribio, kisha ukate

Chagua aina tatu zilizobaki baada ya hatua zote. Panda miche minne ya kila aina, miwili miwili ikikaribiana kwa sentimita 20, ili kila aina iwe na jozi mbili. Msimu wa ukuaji ukiwa umeshika kasi, pishanisha mashina ya kila jozi. Katika jozi ya kwanza, yafunge tu yabanane. Katika jozi ya pili, kwangua gome kwa kisu kikali kila upande kwa urefu wa sentimita 3 mpaka uone weupe wenye unyevu, kisha yafunge kwa utepe unaonyumbuka. Kagua kila wiki mbili, kwa sababu utepe uliosahaulika hulikaba shina na kuacha shingo nyembamba ambayo baadaye huvunjikia hapohapo. Andika urefu, unene na idadi ya machipukizi uliyoyaondoa. Ile aina itakayokuchosha kwa machipukizi katika jozi mbili itakushinda katika kiti chenye mashina kumi.

Baada ya misimu miwili ya ukuaji, chukua msumeno wenye meno madogo na ukate kila kiungo katikati, ukipita kwenye mashina yote mawili, kisha ulainishe uso wa mkato kwa msasa na uuloweshe maji kidogo. Ukiona mstari mweusi unaotoka ukingo mmoja hadi mwingine, mashina yalibanana tu na hayakuungana. Ukiona mstari mweusi mfupi katikati, uliozungukwa na pete mpya zinazopita bila kukatika kutoka shina hili hadi lile, hiyo ndiyo aina ya kupanda. Na kama jozi iliyofungwa bila kukwanguliwa nayo inaonyesha pete hizo, utakuwa umepata mti utakaokusamehe hata siku ambazo kisu chako hakitafika mahali pake. Zile fimbo zilizobaki baada ya kukata usizitupe: zipake nta kwenye ncha na uziweke kivulini, zikauke, kisha uzilinganishe na fimbo za hatua ya nne.